Tangi Kwanza, Samaki Baadaye!

Hebu fikiria, mpenzi msomaji. Umetoka kazini umechoka, unajitupa kwenye sofa, na pembeni ya TV kuna tangi la kioo lenye maji ya bahari. Samaki wa rangi ya chungwa anakatiza taratibu. Mwenzi wako yuko ubavuni, simu ziko pembeni. Raha iliyoje!

Sasa fikiria upande wa pili: asubuhi moja unamkuta samaki huyo huyo anaelea tumbo juu.

Hilo lilitupata sisi. Mimi nafanya kazi Kibiti, mume wangu yuko Dar es Salaam na hurudi Ijumaa jioni. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu akaja na zawadi: tangi la lita 100, pampu, na samaki watatu kwenye mifuko ya nailoni. Aliyemuuzia alimwambia, "Jaza maji, weka samaki, basi." Tukafanya hivyo hivyo. Jumatatu alfajiri akaondoka. Jumatano samaki walikuwa juu juu wakihema kama waliokimbizwa. Alhamisi wote watatu chali.

Sikumwambia. Siku mbili nzima akipiga simu na kuuliza, "Wanangu hawajambo?" najibu, "Wazima kabisa." Ijumaa akaingia na chakula chao mkononi, akakuta tangi tupu. Kilichomuudhi hakikuwa samaki bali uongo. Tulilala mzungu wa nne.

Kumbe hakuna aliyeua kwa makusudi. Tuliwahamishia wageni kwenye nyumba isiyo na choo.

Sumu usiyoiona

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza navyo huongeza amonia. Baharini maji ni mengi na yana kazi yake. Kwenye lita 100 sumu inajilimbikiza, tena maji ya chumvi pamoja na joto la pwani huifanya kali zaidi kuliko kwenye maji baridi ya mto.

Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti. Kundi la pili huchukua naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huzaliana polepole kwenye mawe, mchanga na sponji ya filta, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Hicho ndicho kipindi cha kulikomaza tangi, na ndicho tulichokiruka.

Delta inafanya kila siku

Sisi wa huku hatukupaswa kushangaa. Delta ya Rufiji ina misitu ya mikoko ipatayo hekta 50,000, na tangu 2004 iko ndani ya eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa linalotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mara mbili kwa siku maji hujaa na kupwa kwenye mizizi ya mikoko na michu. Majani yanaoza, kaa wanayatafuna, na bakteria wa kwenye tope wanashughulikia taka. Chini kabisa, pasipo na oksijeni, wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani. Ndiyo maana kamba wachanga wanakulia humo bila kusumiwa na uozo wote ule. Lakini tope lile halikujengeka kwa wikiendi moja!

Tukaanza upya, safari hii wawili

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Nyamisati kuchota maji. Tukamkuta mzee mmoja anashona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Madumu yote hayo ya nini?"

Tulipomweleza akacheka. "Maji ya hapa yamechanganyika na mto. Mnataka maji chumvi yenyewe? Subirini maji yajae, mtoke nje huko upande wa Mafia."

Alikuwa sahihi. Bahari ya wazi ina karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ila mdomoni mwa mto kiasi hubadilika kwa saa na kwa msimu. Kwenye mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, mto ulishusha maji baridi na tope bila kipimo. Kwa hiyo usiamini macho, nunua kipima chumvi: kisome kama 1.025. Ukikosa maji safi ya bahari, chumvi maalumu ya matangi inafaa. Ya jikoni hapana.

Hatua kwa hatua

1. Osha tangi kwa maji matupu, bila sabuni. Weka mchanga na mawe makavu ya chokaa. Usivunje matumbawe hai baharini. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995 kulinda mali hiyo, na hairuhusiwi kujichukulia tu.

2. Jaza maji, washa pampu usiku na mchana. Bakteria wanahitaji oksijeni. Kwa kuwa umeme hukatika, tafuta pampu ndogo ya hewa ya betri. Hita huku kwetu ya nini?

3. Walishe bakteria. Weka kamba mbichi mmoja kwenye soksi safi ya nailoni. Akioza atatoa amonia. Harufu ipo, vumilia.

4. Pima kila baada ya siku mbili na uandike. Amonia itapanda kwanza, kisha itashuka huku naitraiti ikipanda. Mwisho nayo itashuka, na naitreti ionekane.

5. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi yasiyo na klorini. Chumvi haipai na mvuke, kwa hiyo ukiongeza maji ya bahari tangi litazidi ukali.

6. Wiki ya pili au ya tatu utaona utando wa kahawia. Usipanike, na usioshe sponji kwa maji ya bomba, utawaua bakteria uliowasubiri.

7. Mtihani wa mwisho: ondoa kilichobaki cha kamba, ongeza amonia isiyo na manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia na naitraiti zikiwa sifuri zote mbili, umefaulu. Badilisha karibu nusu ya maji, kisha weka samaki mmoja au wawili wadogo tu. Ngoja wiki mbili kabla ya kuongeza.

Simu ya saa mbili usiku

Ile daftari ya vipimo ndiyo iliyotuponya. Kila saa mbili usiku simu inalia: "Leo ngapi?" Nasoma. Siku ya tisa amonia ilikuwa juu, nikasema ukweli. Siku ya 20 naitraiti ilikataa kushuka, akataka tukate tamaa, nikamtuliza. Tukianza na amonia tunaishia kwenye kodi, mama mkwe, na lini tutaishi mji mmoja. Miaka miwili ya ndoa hatukuwahi kuongea hivyo.

Siku ya 38 vipimo vikasoma sifuri, sifuri. Mume wangu akaja na samaki wawili waliozaliwa tangini, aina ile iliyovuma kwenye filamu ya Finding Nemo ya 2003. Jamaa zao wanaishi kwenye miamba ya pwani yetu pia. Je, wajua? Samaki hawa huzaliwa madume. Katika jozi, yule mkubwa mwenye amri hugeuka jike. Akifa, dume lake huchukua nafasi na kuwa jike. Mume wangu hapendi nikiwasimulia wageni habari hiyo!

Ni mwezi wa saba sasa na wote wawili ni wazima. Simu ya saa mbili bado inalia, ingawa siku hizi tunapima mara moja tu kwa wiki.

Kwa hiyo, wapenzi, kama mnataka tangi, nunueni kioo, vipimo na daftari mwezi huu. Samaki waacheni dukani kwanza. Na likitokea la kutokea, mwambie mwenzio siku hiyo hiyo.