Jiliwa la Reli katika Rundo la Gerezani

Lilikuwa limelala ubavu chini ya sahani za klachi na vipande vya mabomba, Jumamosi asubuhi, Gerezani, Dar es Salaam. Mwandishi wa makala haya angelipita kama alivyopita mengine, lakini macho yalinasa herufi zilizogongwa kwa mkono ubavuni, moja moja, ile ya tatu ikiwa imeinama kidogo: E.A.R. & H.

Ni kifupi cha Kiingereza cha Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Kwa hiyo aliyezigonga herufi hizo alizigonga zaidi ya nusu karne iliyopita, na tangu hapo jiliwa hili limekuwa mahali fulani, mikononi mwa watu fulani, hadi kufika hapa juu ya turubai.

Mzee mmoja naye alikuwa akilitazama, kwa pembeni. Ni mkerezaji mstaafu anayejijengea karakana ndogo uani kwake Tandika, na karibu kila kilichomo amekiokota sokoni. Aliomba jina lake lisiandikwe: wauzaji wakimjua, bei zitapanda.

Alianza na salamu. Kijana mwenye turubai akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha mzee akauliza bei ya tupa, akauliza bei ya spana, akazirudisha zote mbili. Jiliwa halikutajwa. Ilipofika zamu yake ya kuulizwa, liliulizwa kama kitu cha kupitishia muda.

Chombo kikuukuu, anaeleza, kina bei mbili: ya mizani na ya jicho. Bei ya mizani ni ya vyuma chakavu, kilo kwa kilo, na mwisho wake ni tanuri linalotoa nondo. Bei ya jicho ni ya mtu anayejua kitu kinafanya kazi gani. Unafuu unakaa katikati, pale muuzaji anapojua kuwa kitu kina thamani zaidi ya uzito wake lakini hana hakika ni kwa kiasi gani. Yeye huja alfajiri, kabla bei ya mizani haijashinda. Chuma kizito cha kusubu kikichelewa kupata mteja hupigwa nyundo, kikavunjwavunjwa ili kipakiwe vizuri. Amewahi kufika akakuta taya za jiliwa zimetengana na mwili wake, mapande bado yanang'aa ndani, na anapolisimulia hilo husimama kidogo.

Jiliwa la Gerezani ni Record namba 3, lililotengenezwa Sheffield, Uingereza, taya zake upana wa inchi 4. Mzee alilifungua hadi mwisho, akachomoa taya inayotembea, akailaza mapajani. Halafu akatoa msumari mfukoni, akaanza kukwangua rangi kwenye kona ambapo shingo ya taya inaungana na mwili. Alikuwa akitafuta mstari wa njano. Chuma cha kusubu kikipasuka, mafundi wengi hukiunga kwa shaba, kisha rangi hufunika. Kiungo hicho hushika siku zote isipokuwa siku ya kazi nzito. Mstari haukuwepo. Akagonga mwili kwa spana aliyokwisha kuirudisha, akasikiliza. Sauti ilikuwa ndefu na safi. Penye ufa, anasema, chuma hujibu kama debe.

Kisha ukaja ukaguzi ambao mwandishi alimwomba aurudie. Alirudisha taya mahali pake, akaifunga hadi ikabaki nafasi ya kidole kimoja, akazungusha mpini mbele na nyuma taratibu, akipima kwa jicho ni kiasi gani mpini unazunguka bure kabla taya haijasogea. Akafungua jiliwa karibu lote, akafanya vilevile. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu kazi nyingi za karakana ni nyembamba: bamba, kipande cha bapa, ufunguo. Miaka yote skrubu kubwa hufanya kazi karibu na pale taya zinapokutana, na meno ya sehemu hiyo ndiyo huliwa. Ukipima jiliwa likiwa wazi tu, unapima meno ambayo hayajawahi kuumia. La hapa lilizunguka bure zaidi kidogo likikaribia kufunga. Limefanya kazi, lakini halijachoka.

Mwisho akabana ukanda wa karatasi upande wa kushoto na mwingine kulia. Wa kushoto ulikamatika. Wa kulia ulichomoka. Kijana akatahayari. Mzee hakujali, kwa kuwa bamba za taya zimefungwa kwa skrubu ndogo na hubadilishwa. Kasoro inayoonekana kubwa ndiyo ndogo, na muuzaji asiyelijua hilo hushusha bei. Hapo mwandishi alijikuta akimwonea huruma kijana.

Mifuko ya mzee nayo ni karakana. Ana beringi mbili mpya, 6204 na 608, ambazo kila duka la spea linazo. Hakuzinunua kwa ajili ya mashine yoyote. Ya 6204 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 47, kwa hiyo vernia kuukuu hupimwa taya za nje na za ndani papo hapo, sokoni. Ya 608, yenye kipenyo cha nje cha milimita 22, ni ya maikromita. Kabla ya hapo huifunga maikromita juu ya karatasi safi na kuivuta itoke, ili ifute uchafu, ndipo hutazama sifuri. Sifuri iliyohama si ugonjwa, hurekebishwa. Inayosoma sifuri sawa kisha ikakosea kwenye 22, hiyo huirudisha kwa heshima.

Mashine ya kukereza bado hajanunua. Mara mbili amepata ya bei nzuri, mara mbili zilikuwa na mota ya fezi tatu, na umeme wa nyumbani kwake ni wa fezi moja. Kubadilisha mota kungekula unafuu wote.

Na zile herufi? Mzee ana kanuni yake. Alama ya mwenyewe ikiwa imesagwa karibuni, chuma kikimeta mahali paliposagwa, hachukui hata bure. Alama ikiwepo, na rangi ya miaka mingi juu yake, ananunua. Mashirika huuza vifaa chakavu kwa zabuni na minada, na kitu kilichouzwa hivyo hubaki na alama yake kihalali. Lakini kilichotoka usiku kupitia uzio mwaka 1977, kikapakwa rangi mara tatu tangu hapo, nacho kina alama na rangi. Mwandishi alimuuliza atavitofautishaje. Alifikiri muda mrefu, akasema hawezi. Kijana alijua tu kwamba alilipata kwa mtu wa Tabora.

Walikubaliana chini ya nusu ya bei ya jipya dukani, na mzee hakujaribu kushusha tena.

Sasa limefungwa kwenye benchi la mninga huko Tandika, likiwa limepakwa grisi, herufi hazijaguswa. Upande wa kulia bamba bado zinacheza. Skrubu mbili za upande huo hazipo, na ndani ya tundu moja kuna dalili kwamba mtu alilazimisha ya milimita: imeingia mizunguko miwili, ikakwama, ikala meno. Matundu hayo ni ya Whitworth, mfumo wa inchi wa mwaka 1841, wenye meno ya nyuzi 55. Ya milimita ni nyuzi 60, na hayaoani. Mzee ameandika vipimo kwenye kipande cha boksi. Jumamosi atarudi Gerezani, safari hii akitafuta skrubu mbili.