Kabla ya Kupunguza Siku Moja, Tuulize Kwanza



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha wote: «Mama yangu alikuwa analoweka mihogo siku 4. Mimi ninailoweka siku moja, kisha ninaianika. Nani kati yetu anakosea?»

Wengine walicheka. Wengine walijibu kwamba maisha ya leo ni mbio: franga za shule zinangojewa, na mnunuzi wa soko hana subira. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kueleza sababu gani wazee walichagua siku 3 ao 4. Tulikuwa tunapunguza kitu ambacho hatukujua kazi yake.

Basi tuchunguze pamoja. Tunapenda mihogo michungu kwa sababu nzuri: inazaa vizuri, na wanyama na wezi hawaikimbilii. Lakini ule uchungu unatuonya. Ndani ya mhogo kuna kitu kinachotoa sumu inayoitwa sianidi. Mhogo ukikaa ndani ya maji mpaka ulainike, ile sumu inafunguka, inatoka katika maji na katika hewa. Ndiyo kazi ya zile siku. Jua peke yake halitoshi: mhogo unaweza kukauka na kuwa mweupe kama chaki, na sumu nyingi ikabaki ndani.

Hapa tena tusifuate hesabu ya siku bila kufikiri. Kule Uvira kwenye joto, mhogo unalainika upesi. Huku milimani, ambako maji ni baridi, unakawia. Kwa hiyo tusiangalie siku tu, tuangalie mhogo wenyewe. Uguse kwa kidole: kama bado ni mgumu, kazi haijaisha, hata kama umelala ndani ya maji usiku 3.

Tukikosea, nani analipa? Mara nyingi ni mtoto. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kwango, na daktari Trolli aliandika juu yake mwaka wa 1938. Madaktari wameukuta hata hapa kwetu Kivu Kusini. Unashika kwa ghafula: mtoto aliyelala akiwa mzima anaamka asubuhi, miguu imekazana, hawezi kutembea vizuri. Haupone. Unapiga zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa, wakati jamaa inakula bugali ya mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri kwa majuma mengi, bila samaki, nyama, ao maharagwe ya kutosha. Ndiyo maana unatokea wakati wa ukame, wa vita na wa kukimbia, wakati tunapopunguza siku za kuloweka na mboga zikipungua katika sahani.

Konzo hauambukizwi, na si uchawi. Tunalisema hili wazi kwa sababu tunajua kinachotokea katika vijiji: mtoto akishindwa kutembea, watu wanatafuta nyanya mzee ao mke mwenza wa kumlaumu. Mtu asiye na kosa anafukuzwa, na beseni la mihogo linabaki palepale, likingojea mtoto mwingine. Mtoto akianza kukaza miguu, tumpeleke kwenye kituo cha afya, na tuangalie jiko letu mbele ya kumnyooshea jirani kidole.

Na kama unga umekwisha kununuliwa sokoni, na hatujui uliloekwa namna gani? Kuna njia rahisi. Weka unga ndani ya beseni, uusawazishe, kisha weka alama pale unapofika. Ongeza maji polepole ukichanganya. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo juu ya mkeka safi, unene usipite sentimeta 1. Uache saa 2 kwenye jua ao saa 5 kwenye kivuli, ili sumu iondoke katika hewa. Kisha pika bugali kama kawaida, siku ileile. Wamama wa Kay Kalenga, katika eneo la Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka wa 2010, na wakati walipofuatiliwa hakukutokea wagonjwa wapya wa konzo. Haiombi franga, inaomba mkeka na subira. Lakini ni ya kuongezea tu: isichukue nafasi ya kuloweka.

Swali lilelile linatufuata mpaka shambani. Jirani akitupatia vijiti vya mihogo bure, tunafurahi na kupanda. Je, tuliona majani ya mti vilikotoka? Majani yaliyokunjamana, yenye mabaka ya njano, yanaonyesha ugonjwa wa mozaiki, na kijiti cha mti mgonjwa kinazaa mti mgonjwa. Wakati wa kuvuna, majani yamekwisha kuanguka, hatuwezi tena kutofautisha. Kwa hiyo tufunge kamba kwenye miti mizima mapema, majani yakiwa bado yanaonekana, na vijiti vya kupanda vitoke kwenye miti hiyo tu. Kama tuna mashaka na mbegu mpya, tupande mistari 2, si shamba zima.

Hatusemi kwamba kila kitu cha wazee ni kizuri, wala kwamba kila kitu kipya ni kibaya. Tunasema tu: mbele ya kupunguza ao kubadilisha, tuulize maswali 3. Kitu hiki kinafanya kazi gani? Nikikiacha, ninapata nini? Na kama nimekosea, nani atalipa?

Yule mwenzetu aliyeuliza swali sasa ana mabeseni 2: leo analoweka katika moja, kesho kutwa katika lingine. Hivyo kila mara ana mihogo iliyo tayari ya kupeleka sokoni, na hakuna unaotolewa ukiwa bado mgumu. Juma hili, kila mmoja wetu aguse mihogo yake kwa kidole mbele ya kuitoa katika maji. Katika mkutano ujao, tuelezane tulichokikuta.