Magoti Yasiyokunjika

Leo nataka tuzungumze juu ya maumivu ya viungo, ambayo wengi huyaita baridi yabisi. Sisemi juu ya maumivu ya siku mbili baada ya kulima, bali yale yanayolala na mtu na kuamka naye mwaka baada ya mwaka.

Mama mmoja mzee katika kanisa letu aliacha kuja kwenye Meza ya Bwana. Mimi mchungaji wake nilidhani amepoa kiroho, nikaenda nyumbani kwake na maneno ya kumwonya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, magoti yangu hayakunjiki tena. Naona haya kusimama peke yangu wenzangu wakiwa wamepiga magoti." Nilitoka pale nimeonywa mimi.

Mama yule alibeba mizigo miwili, goti na aibu, na mmoja huuongezea mwingine uzito. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari za maumivu hupita katika uti wa mgongo kana kwamba zinapita langoni, kabla ya kufika kwenye ubongo. Tangu hapo mengi yamesahihishwa katika maelezo yao, lakini jambo kubwa limesimama: hali ya moyo hugusa maumivu. Woga, upweke na kukosa usingizi huyazidisha. Utulivu, kazi ya kupendeza na watu wenye upendo huyapunguza. Hii si kusema kwamba mgonjwa anajidhania tu. Goti linauma kweli.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusiache matibabu. Iko aina ya ugonjwa huu ambayo mwili hujishambulia wenyewe, na isipotibiwa mapema huharibu viungo. Kumeza dawa si kukosa imani. Hezekia aliomba kwa machozi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake.

Pili, tujifunze kipimo. Siku ya nafuu tunataka kulima shamba lote, na kesho yake hatuinuki. Halafu tunaogopa, tunakaa kitako wiki nzima, misuli inalegea, kiungo kinakakamaa, na maumivu yanazidi. Afadhali mistari michache leo, kupumzika kabla ya kuchoka, na michache tena kesho. Kumbukeni Eliya chini ya mretemu. Alipoomba afe, Mungu hakumkemea. Alimpa kwanza usingizi na chakula, tena mara mbili.

Tatu, tusifiche. Maumivu ya muda mrefu huleta huzuni nzito, na Mkristo huona haya kuisema. Lakini Paulo aliutaja mwiba wake wazi. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, ila alipewa neema ya kuishi nao. Ukiona maisha yamekuwa giza tupu, mwambie daktari, mwambie na mchungaji wako, wala usingoje.

Na sisi tulio wazima, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye kimya. Waliharibu walipoanza kumweleza makosa yake.

Jumapili ya Ushirika iliyofuata nilitangaza kwamba asiyeweza kupiga magoti aketi tu, nami nitamletea mkate na kikombe alipo. Nilimtazamia yule mama peke yake. Lakini wazee wengine watatu nao walibaki vitini wakingoja. Kumbe miaka yote walikuwa wakipiga magoti kwa uchungu, na hakuna aliyewauliza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyejua uchungu wa mwili, uwashike mkono wanaoamka leo na maumivu. Utupe sisi macho ya kuwaona. Amina.