Gazeti la mitindo ndani ya televisheni: kazi gani tunaonyeshwa, na kazi gani inafichwa?

Musichana amevaa vizuri, anaingia ku biro kubwa yenye vioo kila upande. Patroni anamuita, anamutuma kupeleka nguo mahali fulani. Jioni yuko kwenye karamu pamoja na watu wakubwa. Kesho yake anaambiwa kuhusu safari ya Paris. Wengi wenu, hasa vijana, mumekwisha kuona picha za namna hiyo ku televisheni ao ku telefoni, na wengine mumejiuliza: kumbe kufanya kazi ku gazeti la mitindo ya mavazi ni raha namna hii?

Tuangalie jambo hilo polepole, juu kuna kijana mwenye anachagua masomo na kazi kwa kufuata vile anaona ndani ya programu hizo.

Programu yenye ilijulikana sana kwa jambo hilo ni The Hills, ya televisheni MTV ya Marekani. Ilianza mwaka 2006, ikaisha 2010. Ilikuwa inafuata maisha ya Lauren Conrad, kijana mwenye alihamia Los Angeles kwa kusomea mambo ya mitindo. Pale alifanya staji, ni kusema mafunzo kazini, ku biro ya gazeti Teen Vogue, pamoja na mwenzake Whitney Port. Mwisho wa msimu wa kwanza, Lauren alipewa nafasi ya kwenda Paris, akakataa, akabaki na mupenzi wake. Whitney ndiye alienda. Watazamaji walizungumza juu ya uchaguzi ule kwa miaka.

Lakini kuna kitu chenye programu haikuwa inasema wazi. Lauren hakuingia ku biro ile sawa na mwanafunzi yeyote mwenye ametuma barua na kungoja jibu. Tangu mwaka 2004 alikuwa anajulikana kupitia programu nyingine ya MTV, Laguna Beach. Aliingia na kamera nyuma yake. Gazeti lilipata kutangazwa, televisheni ikapata hadithi. Na safari ya Paris aliyoikataa? Ndani ya msimu wa tatu alienda na yeye. Katika maisha ya kawaida, mutu wa staji akikosa nafasi ya namna ile, ni mara chache mulango unafunguliwa mara ya pili.

Wenye kutengeneza The Hills walikubali wenyewe kwamba kulikuwa muchezo ndani yake. Katika kipande cha mwisho, mwaka 2010, kijana mumoja anabaki barabarani akitazama gari la mupenzi wake likienda, na nyuma yake munaonekana vilima vya Hollywood. Halafu picha ile ya vilima inasukumwa pembeni: ilikuwa ukuta wa studio tu.

Mwaka 2008 kukatoka programu nyingine, Stylista, ndani ya biro za gazeti Elle kule New York. Hii ilikuwa mashindano. Mushindi alikuwa anapata kazi ya uhariri kwa mwaka mumoja, na nyumba ya kukaa Manhattan. Washindani walikuwa wanatengeneza kurasa za gazeti, na hiyo ni kazi ya kweli. Lakini mutihani wao mumoja wa kwanza ulikuwa kumuletea mukubwa wao chakula cha asubuhi. Televisheni inapenda mambo ya vile, sababu mutu mwenye kutetemeka na sahani mukononi anafurahisha watu kuliko mutu mwenye kukaa saa tano akisahihisha majina na bei ya viatu.

Na ile ya kukaa na kusahihisha, ndiyo kazi yenyewe. Gazeti la mitindo liko na watu wa kuandika, wa kuhakikisha habari, wa kupanga kurasa, wa kuazima nguo kwa watengenezaji na kuzirudisha bila doa. Liko pia na watu wa kuuza nafasi za matangazo, na pale ndipo makuta inatoka. Filamu The September Issue, ya mwaka 2009, ilionyesha vile Vogue ya Septemba 2007 ilitengenezwa: kurasa 840, na sehemu kubwa ilikuwa matangazo. Ndani yake munaona Grace Coddington, mwenye uzoefu wa miaka mingi, picha zake zikiondolewa na mukubwa wake Anna Wintour. Hata yeye.

Jambo la makuta ndilo lilifichwa zaidi. Nyota wa programu analipwa na televisheni. Mwanastaji wa kawaida, nani anamulipa? Mwaka 2012, mutu mwenye alifanya staji ku Harper's Bazaar alishitaki kampuni Hearst, akisema alitumikishwa bure. Mwaka 2016 muamuzi aliipa kampuni haki. Lakini mwaka 2013 wengine walishitaki Condé Nast, kampuni yenye Vogue na Teen Vogue. Mwaka ule ule kampuni ilisimamisha kupokea wanastaji. Mwaka 2014 ikakubali kutoa dola milioni 5.8 kwa wanastaji wa zamani karibu 7,500. Kila mutu angepata kati ya dola 700 na 1,900. Si nyingi kwa miezi ya kazi ndani ya muji sawa New York.

Sasa ni nani alikuwa anaweza kufanya miezi bila malipo? Ni mutoto mwenye wazazi wake wanaweza kumulipia nyumba na chakula. Mutoto wa masikini, hata awe na akili namna gani, alibaki inje. Hicho ndicho kioo hakikuonyesha.

Hatusemi kila kitu kilikuwa uongo. Emily Weiss alionekana ndani ya The Hills kama mwanastaji mukali, mwenye kujua kazi yake. Kiisha televisheni, aliendelea kutumika ku magazeti. Mwaka 2010, akiwa musaidizi ku Vogue, alianzisha ukurasa wa intaneti Into the Gloss, akiuandika asubuhi mapema mbele ya kwenda kazini. Mwaka 2014 akafungua kampuni ya vipodozi Glossier. Kamera ilimuonyesha kwa muda mufupi tu. Asubuhi zile zote za kuandika, hakuna mutu alizipiga picha. Teen Vogue nayo iliacha kuchapishwa ku karatasi kiisha mwaka 2017, ikabaki ku intaneti. Hata ile biro yenye watu walikuwa wanaota haikubaki vile ilikuwa.

Kwa hiyo, kijana, ukipenda kazi ya mitindo, ya gazeti ao hata ya radio, usione haya kuuliza mbele ya kuanza staji: nitafundishwa nini? Nani atanifundisha? Itachukua miezi ngapi? Nitapata hata makuta ya transporti? Kazi yangu itabeba jina langu? Mwenye kukuita kwa nia nzuri hatakasirika na maulizo hayo. Na ukiona programu ingine yenye biro ya kung'aa, angalia kwa furaha, lakini jiulize kidogo nani anafagia ile biro, na nani anaandika kurasa wakati karamu inaendelea.