Istilahi za Ununuzi wa Ndege Iliyotumika

Ndege ndogo ya injini moja, ambayo rafadha yake huzungushwa na turbini, kama Cessna Caravan au Pilatus PC-12, hununuliwa na makampuni, mashirika na hata watu binafsi, na aghalabu huwa imekwisha kutumika. Hati zake huandikwa kwa Kiingereza. Anayetakiwa kuzifasiri kwa ajili ya bodi au wanahisa hukutana na maneno ambayo yakikosewa huleta hasara kubwa.

Kuhusu jina la ndege yenyewe hatuna mengi. Wapo waiitao jeti kwa sababu injini ina turbini. Si sawa, kwani kiivutacho ni rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi. "Ndege ya mtumba" inaeleweka, lakini mtumba ni robota la nguo, nasi hatuoni sababu ya kulirusha angani ilhali neno "iliyotumika" lipo.

Ugumu umo katika injini. Caravan nyingi zina injini ya PT6A-114A, iliyoundwa na Pratt & Whitney Canada, ambayo kwa kawaida hupaswa kufumuliwa baada ya saa 3,600 za kazi. Kufumua ni kuishusha injini, kuitenganisha kipande kwa kipande, kupima, kubadili vilivyochakaa na kuiunda upya. Katikati ya kipindi hicho hufunguliwa ile sehemu tu inayopitiwa na gesi za moto, ikatazamwa. Hili la pili tunaliita "ukaguzi wa sehemu ya moto", na la kwanza "ufumuzi". Mfasiri akiyaandika yote mawili "matengenezo makubwa", mnunuzi atadhani ana saa 3,600 mbele yake, kumbe amebakiwa na nusu. Na ufumuzi hugharimu mamia ya maelfu ya dola.

Vivyo hivyo, injini ya "saa sifuri" si lazima iwe mpya. Yaweza kuwa imefanya kazi miaka mingi, ikafumuliwa, na hesabu ikaanza tena. Yapasa basi kuandika kwa ukamilifu: "saa tangu kufumuliwa" na "saa tangu kuundwa". Ni maneno marefu, lakini hayadanganyi.

Tena saa peke yake haitoshi. Baadhi ya vipuri, kama vile sahani za turbini, uhai wao huhesabiwa kwa "mizunguko", yaani kuwashwa, kuruka, kutua na kuzimwa. Ndege inayokwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, safari ya dakika 20 hivi, hukusanya mizunguko mingi kwa saa chache. Kulifasiri neno hili kwa "safari" ni kosa, kwa kuwa safari moja yaweza kuwa na vituo kadhaa.

Mwisho ni umiliki. Alama ya 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya ubavuni mwa ndege huonyesha mahali iliposajiliwa, si kwamba haidaiwi. Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 uliwezesha kuanzishwa kwa rejesta ya kimataifa ya haki za wadai juu ya ndege. Haki hiyo baadhi huifasiri "maslahi", neno ambalo msomaji hulichukulia kuwa faida au mishahara. Mtu asomaye "ndege ina maslahi ya benki" hashtuki. Asomaye "benki ina haki ya rehani juu ya ndege" huuliza deni ni kiasi gani kabla ya kutia sahihi.