Kompyuta ya nyumbani nayo inataka chanjo



Mtoto tunamchanja kabla surua haijaingia mtaani. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo.

Tarehe 12 Mei 2017, programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga picha na hati za watu, kisha ikadai dola 300 ili izifungue. Huko Uingereza iliingia katika hospitali nyingi: wagonjwa walirudishwa nyumbani, upasuaji ukaahirishwa. Na chanjo ilikuwako! Microsoft ilikuwa imeitoa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili mbele. Walioumia walikuwa hawajaiweka.

Basi tushike haya:

1. Kompyuta ikiomba masahihisho, ikubalie. Usiseme "kesho".

2. Flashi ya rafiki ipime kwanza kwa programu ya kukinga virusi. Windows inayo yake, Defender, usiizime.

3. Usichukue programu ya bure mahali usipopajua. Mara nyingi huja na nyingine ya kukupeleleza.

4. Weka nakala ya picha na hati kwenye diski ya pembeni, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, itafungwa nayo.

Ukidaiwa pesa, usilipe: kulipa si hakika ya kurudishiwa vitu vyako. Kata intaneti, uite fundi.

Leo jioni, kabla ya kuzima mashine, itazame: masahihisho yamewekwa, ama yanangoja?