Madini Mawili Katika Kiungo Kimoja

Mchonga vinu huanza na gogo zima, akalipunguza kwa tezo hata kinu kikatokea. Vibanzi huishia motoni. Mfinyanzi hafanyi hivyo. Yeye huongeza udongo duara juu ya duara mpaka chungu kimalizike. Viwandani, sehemu nyingi za mitambo hukerezwa kwa njia ya mchonga vinu. Lakini siku hizi ipo mitambo ya leza inayofuata njia ya mfinyanzi, tena yenye uwezo wa kutumia madini zaidi ya moja.

Haja hiyo huonekana wazi katika injini ya roketi. Mahali pamoja panahitaji shaba, ipitishayo joto upesi; mahali pengine panahitaji Inkoneli, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu usiopoteza nguvu katika joto kali. Kwa desturi vipande hivyo hutengenezwa mbalimbali, kisha huunganishwa kwa kuyeyusha madini mengine katikati yao. Kazi hiyo hudai mikono mingi na muda mrefu. Isitoshe, shaba hutanuka kuliko Inkoneli, na ufa waweza kuanzia pale zinapokutana. Sufuria ikipasuka jikoni, mchuzi humwagika. Kiungo cha roketi kikipasuka, roho za watu zimo hatarini.

Mwaka 2017 wahandisi wa NASA katika kituo cha Marshall, mjini Huntsville, Marekani, walijaribu kiwashio cha injini chenye kimo cha sentimita 25 hivi, kilichojengwa kwa madini hayo mawili. Unga wa madini ulipulizwa kwenye mwale wa leza, ukayeyuka na kuganda tabaka juu ya tabaka. Mtambo ule ule ulikereza sehemu za ndani kabla hazijafunikwa. Kiwashio kiliwashwa zaidi ya mara 30. Kisha kilikatwa na kutazamwa kwa hadubini, ikaonekana kuwa madini hayo yameingiliana, wala hapakuwa na mpaka mkali baina yao. NASA ilikadiria kwamba njia hiyo yaweza kupunguza gharama za injini hadi theluthi moja, na muda wa kuzitengeneza kwa nusu.

Hata hivyo, si madini yote yapatanayo. Aluminiamu ikiyeyushwa pamoja na chuma huweza kufanya tabaka gumu livunjikalo kama kigae. Leza huunganisha, lakini uchaguzi wa vinavyofaa kuunganishwa ungali kazi ya binadamu.